Urithi wa Mvuvi: Kwa Nini Babu Huwachukua Wajukuu Baharini

Mtu akitaja neno urithi, wengi hufikiri habari za shamba, nyumba, ng'ombe au fedha. Vitu hivyo huonekana kwa macho, na mwenye navyo akifa hugawanywa mbele ya mashahidi. Lakini uko urithi mwingine ambao hauwezi kugawanywa baada ya mauti, kwa kuwa hukaa kichwani na mikononi mwa mtu. Naye asipoutoa angali hai, huzikwa pamoja naye. Urithi huo ni maarifa. Leo twataka kuueleza kwa mfano wa wavuvi wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako wakati wa likizo, watoto waliokaa mjini wakisha rudi nyumbani, babu huwachukua wajukuu na wazazi wao wakaenda kuvua pamoja.

Wasomaji wetu wa bara wasidhani kwamba habari hii si yao. Mkulima ajuaye mbegu, mfugaji ajuaye malisho, na mhunzi ajuaye chuma, wote wana mzigo uleule wa kukabidhi. Tumechagua mvuvi kwa sababu kazi yake huonyesha jambo hili waziwazi: baharini mtu asiyejua hakosi kitoweo tu, huenda akakosa na maisha.

Kwanza yafaa tujue jinsi kazi hii ilivyo ya kale. Yapata katikati ya karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, mfanyi biashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus. Humo alitaja kisiwa kimoja cha pwani yetu, ambacho wataalamu wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, na wengine Mafia. Aliandika kwamba watu wa huko walikuwa na vyombo vidogo vilivyoshonwa kwa kamba, na mitumbwi ya gogo moja, navyo walivitumia kwa kuvua samaki na kasa. Tena alieleza kwamba walikuwa na namna yao wenyewe ya kuvua, yaani kwa vikapu vilivyofumwa, wakivitega mahali pa nyavu penye midomo ya mikondo katikati ya miamba. Mtu yeyote wa pwani akisikia maneno hayo hukumbuka mara moja dema la nyumbani kwake. Basi tangu siku hizo imepita karibu miaka 2000. Kwa muda huo wote hapakuwa na chuo wala kitabu kilichofundisha kufuma mtego ule. Ulifika kwetu kwa mkono wa baba na mwana tu. Kama kizazi kimoja kingaliacha kufundisha, mnyororo ungalikatika.

Sasa na tutazame mafunzo anayoyapata mjukuu katika safari moja ya namna hiyo.

Neno la kwanza ni kuchagua siku. Kijana wa mjini hudhani kwamba siku nzuri ni ile aliyo na nafasi. Babu hafanyi hivyo, hutazama mwezi. Wanafunzi wamekwisha soma shuleni kwamba mwezi na jua huvuta maji ya bahari. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja pamoja na dunia, nao huvuta kwa nguvu moja. Hapo ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina chake huko Unguja hupita mita 3. Lakini mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake; basi huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Tena maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa sababu ya zile dakika 50, kila siku maji huchelewa kuliko jana. Wazee wa pwani hawakuwa na saa za mkono, walakini walijua hesabu hii kwa vidole. Wajua kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, hupwa karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa tena saa kumi jioni. Baada ya siku saba mambo hugeuka: maji hujaa yapata saa nne, hupwa yapata saa kumi. Kwa hiyo mzee akiulizwa, "Babu, kesho maji yatakupwa saa ngapi?" hahitaji kwenda ufukoni, hutazama tarehe ya mwezi, akajibu.

Pwani ya mashariki ya Unguja imezungukwa na mwamba mrefu, na ndani ya mwamba kuna maji machache yenye mchanga na mwani. Maji yakipwa wakati wa bamvua, sehemu kubwa ya mahali hapo hubaki kavu, na ngalawa hulala juu ya mchanga. Atakaye kutoka hana budi kuupita mlango wa mwamba maji yangalipo. Ndiyo maana safari ya jamaa huwekwa siku za bamvua. Huondoka kabla ya mapambazuko pamoja na maji yanayopwa, huvua nje ya mwamba asubuhi, nao hurudi alasiri pamoja na maji yanayojaa. Bahari yenyewe huwatoa, na bahari yenyewe huwarudisha. Mwenye kupotea katika hesabu hii hufika mlangoni akakuta mawimbi yanavunjika juu ya mawe makavu, na huko ndiko vyombo vingi viharibikako.

Neno la pili ni pepo. Mwezi hutawala maji, lakini pepo hufuata jua. Wakati wa kipupwe chetu, nchi kubwa ya Asia hupata joto kali, hewa yake ikapanda juu, na upepo ukavutwa kutoka kusini kwenda huko. Huu ndio kusi, uvumao tangu Aprili hivi hata Septemba au Oktoba, nao huchafua bahari. Tangu Desemba hivi hata Machi, Asia ikiwa na baridi, upepo hurudi kwetu. Huu ndio kaskazi, na katika majira yake bahari ya nje huwa na utulivu zaidi na maji hung'aa. Basi mvuvi huhitaji kalenda mbili, moja ya mwezi kwa ajili ya maji, na moja ya jua kwa ajili ya pepo. Wazee wa Kiswahili walizishika zote mbili. Mwaka wa jua waliuanza siku ya Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36 na siku 5. Sikukuu ya Mwaka Kogwa, ambayo watu wa Makunduchi huifanya kila mwaka katika mwezi wa Julai, ni sikukuu ya mwaka huo. Wageni huitazama kama ngoma na michezo. Lakini ndani yake mna kumbukumbu ya hesabu iliyowasaidia mabaharia na wakulima.

Neno la tatu ni mahali. Juu ya maji hapana njia wala nguzo, na mwamba wenye samaki huenda ukawa chini pima 10 usionekane. Mzee aujuaje? Hutazama nchi kavu. Huchagua vitu viwili vilivyo kimoja mbele ya kingine, mathalan mnazi mrefu wa ufukoni na mnara wa msikiti ulio nyuma yake. Vikiwa mstari mmoja, ajua kwamba chombo chake ki juu ya mstari huo. Lakini mstari mmoja hautoshi, kwa kuwa ni mrefu. Basi hugeuza uso upande mwingine, akatafuta vitu viwili vingine, kama ncha ya rasi na kilima. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo penyewe. Hutia nanga, na mshipi hushuka juu ya mwamba. Sisi waalimu huchora mistari hiyo ubaoni katika somo la hesabu, na wanafunzi wengine huona ni jambo lisilo na kazi. Laiti wangalijua kwamba babu zao wasiosoma waliifanyia kazi hesabu hiyo kila siku ya maisha yao!

Hapa ndipo tunapoona hatari iliyopo. Mnazi huanguka, na nyumba mpya hujengwa zikaficha kilima. Mzee huzibadili alama zake kidogo kidogo, naye hazisahau. Lakini hazikuandikwa popote. Akifa bila ya kumwonyesha mtu, mwamba ule hubaki palepale, samaki wakiwapo, walakini kwa jamaa yake ni kama umezama mara ya pili. Methali yasema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Ni kweli, lakini methali haikusema mvuvi huyo atakaa nasi milele.

Wengine watasema kwamba siku hizi viko vyombo vinavyoonyesha mahali kwa setilaiti, na simu zenye kutoa habari za upepo. Hatuvikatai. Mwenye busara husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na huvaa koti la kuokolea, na humvika kila mtoto. Kumheshimu babu si kwenda uchi wa kinga kwa kuwa yeye alikwenda hivyo. Lakini simu huingia maji, na betri huisha. Tena chombo kile humwambia mtu yuko wapi. Hakimwambii kwamba wingu lile la kusini ni la kurudi nyumbani.

Neno la nne ni vyombo vya kazi. Ngalawa yenyewe ni kitabu. Gogo lake mara nyingi ni la mwembe, na kila ubavu una ubao unaoelea ulioshikwa kwa miti miwili ipitayo juu ya chombo, ili upepo usiipindue. Wataalamu wa historia husema kwamba namna hii ya mbao za ubavuni ilitoka kwa mabaharia wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, watu wa asili moja na waliofika Bukini. Basi mtoto akishika mti ule, ameshika habari ya safari ya bahari nzima.

Na dema je? Hufumwa kwa pacha za mwanzi au fito, kwa matundu ya pembe sita. Mdomo wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, mfano wa mrija wa kumiminia mafuta. Samaki kama tafi, changu na pono huingia kwa kufuata chambo. Wakitaka kutoka huzunguka kando ya kuta, wala hawauoni ule mdomo mwembamba ulio katikati. Dema huzamishwa kwa mawe, likalala chini usiku mmoja au zaidi. Samaki hubaki hai, na mvuvi akilipandisha aweza kuchagua: mkubwa humtwaa, mdogo humrudisha baharini angali mzima. Matundu yakiwa makubwa, wadogo hutoka wenyewe. Kwa hiyo ukubwa wa tundu si pambo la fundi, bali ni shauri. Babu akimfundisha mjukuu kufuma, humpimia tundu kwa vidole, na kumwambia kwamba atakayebana matundu anavua leo samaki wa kesho.

Wakati wanaume na vijana wako nje ya mwamba, jamaa wengine hawakukaa bure. Maji yakisha pwa saa nne, bibi na mama na wasichana huenda mwambani kwa miguu kutafuta pweza na chaza. Hapa nako kuna chuo. Bibi hulijua tundu la pweza kwa makombe na vipande vya gamba vilivyotupwa mlangoni. Ni jaa la nyumba yake. Humfundisha mjukuu kwamba jiwe lililogeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa maana chini yake mna viumbe wengi wadogo watakaokufa kwa jua. Na pweza ana habari ya ajabu. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake; huyalinda mayai yake bila ya kula, na yakiisha kuanguliwa hufa. Amwuaye jike kabla ya kutaga ameua na kizazi chake chote. Lakini pweza hukua upesi mno, na mwamba ukiachwa miezi michache tu, huonekana faida yake. Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka huko Bukini waliufunga mwamba wao mmoja kwa muda, na walipoufungua walipata pweza wakubwa. Baadaye vijiji vya pwani yetu, katika Pemba na Songosongo, navyo vikafunga miamba kwa zamu kwa namna hiyo.

Neno la tano, ambalo si dogo, ni mgao. Ngalawa ikifika ufukoni, samaki hawaendi moja kwa moja nyumbani kwa mwenye chombo. Iko sehemu ya chombo na sehemu ya kila mkono uliovuta. Kabla ya kuuza hutolewa kitoweo cha nyumba, na mzee asiyeweza tena kwenda baharini, au mjane aliyekuja na kikapu chake kitupu, haondoki mikono mitupu. Mtoto aliyekaa ndani ya chombo tangu alfajiri, akaona uchungu wa kazi, kisha akamwona babu anatoa samaki mzuri kumpa mtu asiyefanya kazi, huuliza, "Babu, huyu amefanya nini?" Naye hujibiwa, "Mjukuu wangu, huyu mzee ndiye aliyenionyesha mwamba." Kwa jibu hilo mtoto hufahamu kwamba samaki yule hakutolewa sadaka, alilipiwa deni.

Tumesifu urithi, yatupasa pia kusema kwamba si kila jambo la zamani ni la kurithiwa. Wapo wazee waliotumia utupa, yaani sumu ya miti, iuayo wakubwa na wadogo pamoja. Wapo na waliokuja baadaye na baruti, ambayo sheria imeikataza, na ambayo kwa dakika moja huvunja matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mingi. Matumbawe ya namna ya mwamba mgumu huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi jiwe la urefu wa mtu laweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Tena mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa. Wavuvi nao wamekuwa wengi kuliko zamani. Kwa hiyo mwamba wa leo una nguvu pungufu, na watu wanaoutegemea wamezidi. Babu alivua kwa kiasi kwa sababu vyombo vyake vilikuwa dhaifu. Mjukuu mwenye nyavu za nailoni na mashine hana budi kuvua kwa kiasi kwa hiari yake.

Hili lawezekana, nalo halihitaji kuutupa urithi. Katika pwani ya Kenya, ambako dema huitwa pia lema, wavuvi na wataalamu walijaribu kuacha mwanya mwembamba katika pembe za mtego, ili samaki wachanga wapate kutoka. Walionekana kutoka, na wakubwa wakabaki. Mtego ni uleule wa kale. Ni akili ya leo iliyoongezwa pembeni mwake. Hivyo ndivyo urithi ulio hai unavyokuwa: mwenye kuupokea huutia kitu chake, kisha huupeleka mbele.

Basi, wasomaji wetu, tunawapa kazi kabla ya likizo ijayo. Kila kijana na amwendee mzee wake, awe mvuvi au mkulima au mfugaji, amwombe amchukue siku moja kazini. Asiende kama mgeni wa kutazama. Na ashike kamba, ateke maji chomboni, abebe jembe. Jioni na aandike katika daftari yale aliyoyaona: majina ya miamba na alama zake, majina ya pepo, namna ya kufuma, namna ya kugawa. Aandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, wala asiyasahihishe. Nanyi wazazi na wazee, msingoje kuombwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka kumi hupokea kwa siku moja jambo ambalo mtu mzima hulipata kwa mwaka. Kalenda i mikononi mwenu. Tazameni lini mwezi utaandama katika likizo, mkahesabu siku ya bamvua, mkaitayarisha ngalawa.